Wingi Si Hoja? Kumbukumbu za Dungu la Kyuso

Nilipokuwa darasa la tano katika shule moja ya msingi huko Kyuso, kaskazini mwa Mwingi, mwalimu wetu wa sayansi aliingia darasani asubuhi moja akiwa na chati aliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi. Juu yake alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: "WANYAMA WALIOVUNJA REKODI". Palikuwa na nyangumi wa buluu, ambaye urefu wake hukaribia mita 30, na ambaye ndiye mnyama mzito kuliko wote walio hai. Palikuwa na tembo wa Afrika, ambaye dume lake lililokomaa hufikia tani 6. Twiga, ambaye kimo chake huzidi mita 5. Duma, atimkaye kwa kasi ya kilomita 100 hivi kwa saa. Mbuni, ndege asiyeruka lakini awezaye kukimbia kilomita 70 kwa saa. Na kozi, ambaye hujitupa kutoka angani kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa anapoyashukia mawindo yake.

Mwalimu alipomaliza kutueleza, aliuliza, "Nani ataniongezea mnyama mmoja anayestahili kuwa hapa?"

Niliinua mkono. Siku hiyo ndiyo niliyokuwa nimerejea shuleni baada ya kukosa masomo kwa wiki mbili.

"Kweleakwelea, mwalimu."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mkali, alitabasamu akasema, "Huyo ni ndege wa kutoshea kiganjani. Keti."

Niliketi. Ndugu msomaji, makala haya ni jaribio langu la kusimama tena.

Wanaoifahamu Kyuso watanielewa. Kwetu ni nchi ya ukavu, ya migunga na mibuyu, ambako mvua hunyesha kwa misimu miwili na mara nyingi msimu mmoja hutuhadaa. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mahindi tunayapanda kwa matumaini, lakini mtama na mawele tunayapanda kwa akili, kwa kuwa mimea hiyo huvumilia kiu. Masuke ya mtama huanza kujaa maziwa kufikia mwezi wa Januari, yaani wakati ule ule ambapo shule hufunguliwa. Hapo ndipo kisa changu kilipo: kengele ya shule na ndege hutuita siku moja.

Baba alikuwa amejenga dungu katikati ya shamba. Lilikuwa jukwaa la fito lililosimama juu ya nguzo nne, na juu yake paa dogo la nyasi. Kutoka kwenye dungu zilitandazwa kamba zilizofungwa makopo, zikaenea hadi pembe zote za shamba. Kazi yangu na ya dada yangu ilikuwa kupanda huko kabla ya mapambazuko, kuzivuta zile kamba, kupiga debe kuukuu, kurusha vibonge vya udongo kwa kombeo, na kupiga kelele hadi sauti zikauke. Tulishuka jua lilipotua.

Mtu ambaye hajapata kuwaona kweleakwelea wakija hudhani ni moshi. Wingu hutokea upande wa mto, likajikunja na kujikunjua. Wanapotua shambani, wale wa nyuma huwaruka wenzao na kutua mbele yao, kisha nao wakarukwa, hivi kwamba kundi zima hubiringika juu ya shamba kama wimbi. Sauti ya mabawa yao ni ya mvua inayokuja. Nyanya yetu, ambaye alikuwa akituletea uji adhuhuri, alizoea kusema, "Tembo akiingia shambani, wajukuu wangu, utapiga mayowe na kijiji kitakuja. Hawa wakiingia, hata ukipiga mayowe, kila mtu yuko kwake anawafukuza wa kwake."

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilianza kuwasoma ndege hao walionitia aibu darasani, nikatambua kwamba jibu langu halikuwa la kipumbavu. Kweleakwelea mwenye mdomo mwekundu hukisiwa kuwa ndiye ndege wa mwituni mwenye idadi kubwa kuliko wote ulimwenguni. Inakadiriwa kwamba baada ya msimu wa kuzaana, waliokomaa hufikia bilioni 1.5 katika bara letu la Afrika. Siri yao ni haraka. Kundi huvamia migunga yenye miiba, mti mmoja ukabeba mamia ya viota, na majike yote yakataga karibu kwa wakati mmoja. Mayai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 12 tu, na wiki mbili hivi baada ya hapo makinda huwa tayari kuondoka kiotani. Wazazi huweza kuhamia mahali pengine kulikonyesha na kuzaa tena mwaka huo huo.

Ebu tupige hesabu. Kweleakwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, naye huweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku, yaani nusu ya uzito wake. Kundi la ndege milioni moja, ambalo kwao si kundi la ajabu, lina uzito wa tani 20: uzito wa madume matatu ya tembo na ziada. Tembo hao watatu, kwa makadirio ya kilo 150 kila mmoja, watakula malisho yasiyofikia nusu tani kwa siku. Ndege wale wataweza kula tani 10 za nafaka, yaani zaidi ya magunia 110 ya kilo 90. Tena tembo hula majani, matawi na magome. Kweleakwelea huchagua punje. Kumbe kadiri mwili unavyokuwa mdogo, ndivyo kila gramu yake inavyodai chakula zaidi. Hiyo ndiyo rekodi ambayo haikuwamo katika chati ya mwalimu.

Wala si angani tu ambako wadogo wameficha rekodi zao. Huko Makueni, pande za Mtito Andei, chini ya ardhi ngumu, huishi fuko asiye na manyoya, kiumbe wa uzito wa gramu 35 hivi, ambaye makundi yake huwa na malkia mmoja tu anayezaa, kama nyuki. Panya wa nyumbani akifikisha miaka mitatu amezeeka. Fuko huyu ameweza kuishi zaidi ya miaka 30 akiwa chini ya uangalizi wa wanasayansi. Tunapita juu yake tukielekea mbugani Tsavo kuwatazama wakubwa.

Sisemi kwamba wakubwa hawastahili heshima. Kila Mkenya aliyezuru makumbusho ya taifa jijini Nairobi ameisimamia sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit, ambaye kila pembe yake ilikuwa na uzito wa kilo 67 hivi. Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalumu ya kumlinda, naye Ahmed akawa na walinzi wenye bunduki usiku na mchana hadi alipokufa kifo cha kawaida mwaka 1974. Amri hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo, kila ninapoikumbuka, siwezi kujizuia kulinganisha: mkubwa yule alilindwa na askari ili binadamu wasimdhuru, dhidi ya wadogo wale, mtama wetu ulilindwa na watoto wawili wenye debe.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipaahirisha. Januari iliyofuata, baba aliona haifai watoto wote wawili tukose shule. Mmoja angebaki. Dada yangu alikuwa darasa la saba. Alisema, "Baba, mwache huyu aende. Mimi nina mkono mzuri wa kombeo kumliko." Ilikuwa kweli. Akabaki, nami nikavaa viatu nikaenda. Nikiwa njiani nilimsikia akipiga debe nyuma yangu, na sauti hiyo ikanisindikiza hadi nilipovuka mkondo. Mavuno ya mwaka huo yaliokolewa nusu. Dada alirudi shuleni akiwa amechelewa karibu mwezi mzima, akashindwa kuwafikia wenzake, akaambiwa arudie darasa. Hakurudia. Mtihani wa darasa la nane hakuufanya kamwe.

Haingekuwa haki kuwatwika ndege lawama yote. Ukame ulikuwapo, ufukara ulikuwapo, na mazoea ya kumtazama mtoto wa kike kwanza pale panapohitajika wa kubaki yalikuwapo pia, hata kama siku hiyo alijitolea mwenyewe. Lakini ukiniuliza mnyama gani ameibeba sehemu kubwa zaidi ya maisha ya nyumba yetu, sitakutajia tembo wala simba.

Mnamo Januari 2020, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, dada alinipigia simu. Yeye sasa ana watoto na shamba lake mwenyewe. Nzige wa jangwani, waliokuwa wameingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019 wakitokea Somalia na Ethiopia, walikuwa wamefika Kitui. Kenya ilikuwa haijaona uvamizi wa kiasi hicho kwa miaka 70. Kundi moja lililopimwa kaskazini mashariki mwa nchi lilikuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Kilomita moja tu ya mraba huweza kubeba nzige milioni 40 hadi 80. Kila mmoja ana uzito wa gramu 2 hivi na hula kiasi cha uzito wake kwa siku. Chakula chao katika eneo hilo moja kingewatosha watu 35,000. Wakisaidiwa na upepo, huweza kusafiri kilomita 150 kwa siku.

"Nimepanda dungu tena," dada aliniambia, "lakini hawa debe hawalisikii."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeketi maktabani, na mbele yangu palikuwa na kamusi. Baada ya simu kukatika, nikaifungua bila lengo, na kwa sadfa macho yangu yakatua kwenye kitenzi "amia": kulinda shamba kwa kufukuza ndege. Nilishtuka. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikidhani kwamba kazi tuliyoifanya mimi na dada ni ya Kikamba tu, jambo la kijijini lisilo na jina katika lugha ya vitabu. Katika insha zangu za shuleni nilikuwa nikiandika juu ya ajali za barabarani na sherehe za harusi, ambazo sikuzijua vizuri, nikaliacha dungu nililolijua. Kumbe Kiswahili kilikuwa na neno moja, fupi, lenye silabi tatu, la kazi ile iliyonichukua wiki mbili na kumchukua dada yangu masomo yake. Waliolitunga neno hilo bila shaka walikuwa nao wamekaa juu ya dungu.

Tunao pia msemo: wingi si hoja. Hutumiwa kumwonya mtu asidhani kwamba kundi kubwa lina haki kwa kuwa ni kubwa tu. Kwa maana hiyo naukubali. Lakini wahenga hawakukusudia tuwe vipofu mbele ya wingi. Januari 2023 kweleakwelea walivamia mashamba ya mpunga huko Kisumu na kuharibu takriban ekari 300. Mkulima aliyesimama kwenye majaruba yale, akitazama mabua matupu, hangeambiwa kwamba wingi si hoja. Wingi ulikuwa umekwisha kujenga hoja yake, na hapakuwa na wa kuijibu.

Wenzangu wanafunzi wa Kiswahili, rekodi za wanyama tumezoea kuzisoma kama mashindano: nani mrefu, nani mwepesi, nani mzito. Mizani hiyo si mibaya, ila ni ya mtazamaji. Ipo mizani nyingine, ya mtu anayeishi na mnyama huyo, nayo hupima kile ambacho mnyama humtoza. Kwa mizani hiyo ndege wa gramu 20 aweza kumshinda tembo. Maneno ya mizani hiyo tunayo: dungu, kombeo, amia. Tuwaulize wazee wetu mengine kabla hayajazikwa nao, tuyaandike, na tuwape watoto ruhusa ya kuyatumia katika insha zao.

Mwaka jana nilimsimulia dada kisa cha chati na kicheko cha darasa. Hakuwa amewahi kukisikia. Alicheka sana, kisha akauliza, "Na wewe ukaketi?" Nikasema niliketi. Akatikisa kichwa.

Mwalimu wangu, popote ulipo, kwa heshima zote: jibu lilikuwa sahihi. Siku ile nilikosa takwimu tu, na aliyenisaidia kuzipata ni yule aliyebaki shambani.