Nilisema Ni Mabaki ya Roketi

Ng'ombe wa jirani yangu alikufa kwa sababu ya ujumbe nilioandika mimi, kisha nikawaacha watu waamini vinginevyo. Yeye nimeshamweleza. Sasa nawaeleza ninyi wengine, hasa mnaoishi Kitui na Makueni, ambako laini za stima hupita juu ya mashamba na njia za mifugo.

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Huku kwetu, ng'ambo ya Mto Athi, watu hawakuwa na habari nyingine. Kwa kuwa nilifundisha sayansi, waliniuliza mimi, nami nikazoea kuwa mwenye majibu.

Upepo uliotangulia mvua za Machi ulivuma usiku, ukang'oa mabati na kuvunja matawi ya migunga. Stima ikapotea. Kisha upande wa mtoni anga likang'aa samawati iliyochanganyika na kijani, likazima, likang'aa tena baada ya sekunde chache. Ngurumo hazikusikika. Kwenye kundi la kijiji watu wakauliza ni nini, nikaandika kwamba ni mabaki ya roketi yanaungua, kama yale ya Mukuku, na wasiwe na hofu. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, si ni nyaya za stima hizo?" Nikamjibu kwamba stima imeshapotea, zitawakaje? Akanyamaza. Hakuna aliyepiga simu kuripoti.

Kijana alikuwa sahihi. Upepo ukizigonganisha nyaya, au tawi likiziangukia, umeme huruka hewani kati yake na hewa hiyo hupata joto la maelfu ya digrii. Mwanga wake huwa wa samawati, na palipo na shaba hugeuka kijani. Tena, swichi ya laini hukata stima kisha hujirudisha yenyewe baada ya sekunde chache, kupima kama hitilafu imeondoka. Isipoondoka, mwako hurudi. Ndiyo maana nyumba huwa gizani huku anga likiwaka. Tarehe 27 Desemba 2018 hitilafu katika kituo cha umeme cha Queens, New York, iligeuza anga la usiku kuwa samawati, na wako waliodhani viumbe wa sayari nyingine wamefika.

Stima ilirudi kabla ya alfajiri. Taa yangu ilikuwa hafifu, nami nikaridhika. Kumbe waya mmoja ulikuwa umelala chini, karibu na njia ya mtoni. Mvua ilitupita, na mchanga mkavu hupitisha umeme kidogo mno, kiasi kwamba swichi inaweza isitambue waya umeanguka. Ulilala pale bila hata cheche, ukiwa na moto.

Asubuhi ng'ombe wa jirani alipita hapo, akafa bila hata kuugusa. Umeme huenea ardhini kuzunguka waya, ukipungua kadiri unavyoenda mbali. Mnyama ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana hupitiwa na mkondo kifuani. Jirani yangu alikuwa hatua chache nyuma yake, fimbo mkononi.

Kwa kuwa hakuna aliyeona waya ukimgusa, watu walisema ni uchawi, na wakaanza kumtaja mama mmoja mjane aliyegombana na jirani yangu kuhusu mpaka. Mchana ule mafundi wa stima walikuwa wameshanieleza kila kitu. Nilinyamaza, nikaufuta ujumbe wangu. Kuufuta kunaniuma kuliko kuuandika, maana niliandika bila kujua na kufuta nikijua.

Hatimaye nilikwenda kwa mama yule, kwa kijana, kisha kwa jirani, nikasema mbele ya wazee. Nilimpa jirani mtamba. Alichosema ni, "Mwalimu, usiku ule tungepiga simu."

Basi nawasihi. Upepo ukivuma na mkaona mwanga wa samawati au kijani, pigeni simu kwa kampuni ya umeme, 97771, usiku huohuo. Kukipambazuka, kaeni mita 10 au zaidi kutoka kwa waya wowote ulioanguka, hata kama stima imepotea. Ukijikuta karibu nao, ondoka kwa kuburuta nyayo kidogo kidogo, bila kutanua hatua. Mifugo ibaki bomani mpaka mafundi waikague laini.