Kariakoo: Soko na Mtaji wa Mnyonge

Ndugu msomaji, ufikapo Kariakoo, Dar es Salaam, kumbuka kwamba jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1975 lilifunguliwa hapo soko la ghorofa, lililochorwa na mwananchi mwenzetu, Beda Amuli. Mapaa yake, mfano wa faneli, yalikinga mvua na kuyateremsha maji hadi tangini chini ya ardhi.

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliliunguza. Mitaji ya miaka mingi ikawa majivu. Kuta huinuliwa tena na Serikali. Je, mtaji wa muuza nazi huinuliwa na nani? Ni wewe, mnunuzi, unayemrudia.