Sanduku la Bweni

Usiku wa Ijumaa tarehe 26 Novemba 2021, dhoruba iliyopewa jina Arwen ilipita kaskazini mwa Uingereza ikang'oa miti kama mtu anayepalilia shamba. Nyumba zaidi ya milioni moja zilikosa umeme, na maelfu kati yake zilikaa gizani wiki nzima na zaidi. Sisi huku kando ya Newcastle tulikaa siku tatu. Jirani yangu ana paneli za sola juu ya paa na betri kubwa kwenye ukuta wa gereji, kwa hiyo nilimwendea na simu mkononi kuomba chaji. Nilimkuta amewasha mshumaa.

Betri yake ilikuwa imejaa. Ila stima ya gridi ilipopotea, inveta ilijizima palepale, kama kanuni za huku zinavyotaka, isije ikarudisha umeme kwenye nyaya ambazo fundi anazishika akidhani zimekufa. Kipo kifaa cha kuitenga nyumba na gridi ili betri iendelee kuihudumia, lakini kinalipiwa zaidi, naye hakukinunua. Akinunue cha nini? Betri yake ni ya kubana bili: inajazwa usiku wa manane bei ikiwa chini, inatumika jioni bei ikipanda. Giza hakulitia kwenye hesabu.

Kwetu Mbooni, Kenya, giza ndilo hesabu yenyewe. Ni vilimani, juu ya mji wa Kikima, ambako mvua za Novemba zikiangusha mkaratusi mmoja juu ya waya, kijiji kinalala hivyo hadi gari la watu wa stima lipande mlima. Kabla nguzo hazijafika, baba alikuwa na betri ya gari iliyoendesha televisheni isiyo na rangi. Ikilegea ilifungwa kwenye keria ya baiskeli, ikashuka sokoni kuchajiwa, nasi watoto tukajua mpira tutausikia redioni. Betri zile hazikudumu, na sababu niliijua ukubwani. Betri ya gari huundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake. Sisi tuliikamua kila usiku hadi tone la mwisho, kisha tukaijazia maji ya mvua.

Desemba 2022 nilikwenda likizo nyumbani na nia ya kumjengea mwaitu, mama yangu, betri ya akiba. Tulikaa jikoni tukahesabu: taa nne za wati 7 kwa saa tano, televisheni ya wati 40 kwa saa tatu, redio, simu mbili. Jumla ilikuwa kama wati-saa 310 kwa usiku. Birika langu la umeme huku, la wati 3,000, linazimaliza hizo kwa dakika sita na kidogo. Tangu siku ile kila nikichemsha chai namwona mwaitu akizima taa ya ukumbini.

Nilinunua seli nne za lithiamu barabara ya Luthuli, Nairobi, za aina ya chuma na fosfeti, isiyoshika moto upesi kama ile ya simu. Kutoka nazo Uingereza nisingeweza: kila moja ina wati-saa 320, na ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayopita 160. Seli moja ni volti 3.2 na ampea-saa 100. Ukiziunga nne mfululizo unapata volti 12.8 na wati-saa 1,280. Toa kinachopotea kwenye inveta, bado mwaitu ana usiku tatu.

Fundi wa sola alitoka Kikima. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilimtaka fundi wa sola awe na leseni, na yake ilikuwa imebandikwa dukani juu ya kalenda. Tulianza kwa kuzichaji seli zikiwa zimeungwa sambamba hadi zikasimama zote kwenye volti 3.65, kama mitungi minne iliyounganishwa chini ili maji yalingane. Kisha ikaja bodi ya ulinzi, inayokata umeme seli moja ikijaa kupita kiasi au ikikaukiwa. Hapo tukakorofishana. Fundi aliona kwamba bodi ikiwepo, fyuzi ni kupoteza pesa. Mimi nikasema bodi nayo huungua, na inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 90. Spana ikidondoka vibaya, chuma kinayeyuka ukikitazama. Tukafunga fyuzi ya ampea 125, karibu kabisa na ncha ya chanya.

Kwenye sanduku nilishindwa mimi. Nilikuwa nimenunua la plastiki. Fundi akauliza kama panya wa kwetu nimewasahau, akainama uvunguni, akavuta sanduku langu la bati la bweni, jina na namba ya shule bado vimeandikwa kwa rangi nyeupe. Alilivika mbao ndani ili ncha zisiguse bati, akatoboa matundu na kuyaziba kwa wavu. Mwaitu alitaka lirudi uvunguni, kwa hofu ya wezi. Nilikataa, likaenda stoo. (Mwongozo wa Uingereza wa 2024 nao unakataza betri chumba cha kulala, ila mwaitu hajanisamehe.)

Chenjiova, swichi ya kuchagua kati ya stima na betri, fundi aliidai hata kabla sijaitaja. Amewahi kukuta nyumba inayolishwa kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili. Umeme wa hivyo ukirudi kwenye laini, transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti, na aliye juu ya nguzo hana habari. Ndiyo hofu ileile iliyomwacha jirani yangu na mshumaa. Kwa mwaitu inatulizwa kwa mkono: mpini ukielekea juu ni stima, ukishuka ni betri.

Tarehe 25 Agosti 2023, Ijumaa tena, karibu Kenya nzima ilizimika usiku. Nilipiga simu. Nyuma ya sauti ya mwaitu nilisikia watu wengi.

"Mita ya betri imeandika kumi na tatu nukta moja," akasema. "Ni nzuri hiyo?"

"Nzuri, mwaitu. Bado sana."

"Basi nimezima redio. Wamejaa humu na simu zao."