"Yaya, nimenunua bastola"

Juma lililopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Michigan. Hapa Baraka ilikuwa saa tatu ya usiku, kule kwake bado mchana. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mama na za watoto, halafu akaniambia polepole, kama mtu anayetaja bei ya mihogo: "Yaya, nimenunua bastola. Nina permi yake. Ninatembea nayo ndani ya gari."

Sikujibu upesi. Sisi watu wa Fizi tunaijua bunduki kwa upande wake mbaya. Mwaka 1996 vita ilitutoa nyumbani, tukavuka ziwa mpaka Kigoma, na mdogo wangu alikomalia katika kambi ya Nyarugusu hadi alipopata safari ya Marekani. Kwetu, raia mwenye bunduki ni jambazi au ni mtu wa kundi. Tunayo sheria ya silaha, ya tarehe 3 Septemba 1985, inayomtaka raia awe na ruhusa ya serikali. Lakini mimi, kwa miaka yote ya kupita kwenye bariere, sijaona hata raia mmoja akionyesha karatasi hiyo.

"Usiogope, yaya," akasema. "Huku ni haki. Ninatoka kazini saa nane ya usiku, na mwenzangu alinyang'anywa gari lake palepale tunapoegesha."

Nikamuuliza neno moja tu: polisi wakikusimamisha barabarani, utafanya nini?

Akajibu: "Nitashuka nimsalimie."

Hapo ndipo moyo ulinishtuka. Maana hivyo ndivyo tulivyolelewa. Hapa kwetu, polisi wa roulage akipiga filimbi, dereva anashuka, anamwendea, anamwambia "Shefu, habari ya kazi," huku mkono unatafuta makaratasi mfukoni. Ukibaki umekaa ndani ya gari, wanasema una kiburi. Kule Marekani ni kinyume kabisa. Dereva anayeshuka bila kuambiwa anaonekana ni hatari, na mkono unaoingia mfukoni ni hatari zaidi.

Wasomaji wetu wanalikumbuka jina la Patrick Lyoya. Alikuwa mtoto wa Kongo, mwenye miaka 26, na jamaa yake walifika Marekani mwaka 2014 kama wakimbizi. Tarehe 4 Aprili 2022, katika mji wa Grand Rapids, hukohuko Michigan, polisi alimsimamisha kwa sababu namba ya gari haikulingana na gari lenyewe. Patrick alishuka. Polisi akamwambia arudi ndani, akamuuliza kama anajua Kiingereza. Patrick naye akauliza amekosa nini. Alijaribu kukimbia, wakashikana, wakaanguka, na polisi akampiga risasi ya kichwa kwa nyuma. Hakuwa na bunduki. Polisi huyo alishitakiwa kwa mauaji, lakini mwezi wa Mei 2025 baraza la raia waliosikiliza kesi lilishindwa kupatana, na mwendesha mashitaka akaamua kutoirudia.

Sisemi kwamba kushuka ndiko kulimuua. Risasi ndiyo ilimuua. Ila nilijiuliza: kama mtu asiye na silaha aliishia hivyo, mdogo wangu mwenye bastola itakuwaje?

Jibu moja lipo, nalo ni chungu. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights katika jimbo la Minnesota, polisi alimsimamisha Philando Castile, mwenye miaka 32, mfanyakazi wa jiko la shule. Castile alikuwa na permi ya kubeba bastola. Alimwambia polisi kwa heshima kwamba anayo silaha. Polisi akamwambia asiitoe. Castile na mchumba wake wakajibu kwamba haitoi. Sekunde chache baadaye polisi alifyatua risasi saba. Nyuma ya gari alikaa mtoto wa miaka minne. Mwaka 2017 polisi huyo alionekana hana hatia.

Kwa siku tatu, kila umeme uliporudi, nilisoma sheria za kule, halafu nikampigia mdogo wangu. Haya ndiyo niliyomwambia.

Kuwa na silaha ni haki inayolindwa na katiba ya Marekani, na mwaka 2022 mahakama kuu ilisema haki hiyo inafika hata nje ya nyumba. Lakini kila jimbo lina masharti yake. Michigan inataka mafunzo na permi ya kubeba bastola iliyofichwa. Asiye na permi hiyo anapaswa kuisafirisha bila risasi, ndani ya sanduku lililofungwa, nyuma kwenye buti.

Mwenye permi akisimamishwa Michigan akiwa na bastola, lazima amwambie polisi mara moja, hata kama hajaulizwa. Akinyamaza, kosa la kwanza ni faini ya dola 500 na permi kusimamishwa miezi sita. Minnesota ni tofauti: unasema ukiulizwa. Basi anayevuka mpaka wa jimbo aulize kwanza.

Tangu mwaka 1977 mahakama kuu ilikubali kwamba polisi anaweza kumwamuru dereva ashuke. Akiwa na sababu ya kufikiri una silaha na ni hatari, anaweza pia kukupapasa nguo. Hapo usibishane. Lakini akikuomba tu ruhusa ya kupekua gari, unaweza kukataa kwa sauti ya upole. Na tangu mwaka 2015 ni wazi kwamba hawezi kukuweka barabarani kupita muda wa kosa alilokusimamishia, isipokuwa ameona sababu nyingine. Akivunja haki zako, mahali pa kupigana ni mbele ya hakimu. Usipigane kandokando ya barabara.

Halafu tulifanya mazoezi kwa simu. Mimi nilikuwa polisi. Zima injini, washa taa ya ndani, mikono yote miwili juu ya usukani. Usitafute kitu. Sema kwanza: "Nina permi ya kubeba bastola, na ninayo hapa. Unataka nifanye nini?" Kisha ngoja. Usisogeze mkono mpaka aseme, na kabla ya kuusogeza, mwambie unakwenda wapi.

Mara ya kwanza alianza na neno "bastola". Nikamkatiza. Anza na permi. Mara ya pili Kiingereza kilimkwama katikati. Mara ya nne alisema vizuri, lakini nilisikia pumzi yake imebadilika, na alikuwa amekaa jikoni kwake tu.

Katiba yetu, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa. Ni neno zuri, hata kama hatulioni kila siku. Mdogo wangu yuko mahali ambapo haki yake ya bastola imeandikwa wazi, lakini ataitetea kwa sekunde chache, usiku, katika lugha aliyojifunza akiwa mtu mzima. Castile alizaliwa na lugha hiyo.

Nilimwomba aiache bastola nyumbani. Akajibu: "Yaya, wewe hutoki kazini saa nane ya usiku." Sikuwa na la kumjibu. Tulikubaliana tu kwamba atamfundisha na mke wake, kwa sababu mara nyingi wako pamoja garini.

Wewe unayesoma hapa, kama una ndugu kule ngambo, mpigie. Muulize kama ana silaha, na katika jimbo lipi. Halafu muulize swali lile nililomuuliza wangu. Akijibu kwamba atashuka kusalimia, usikate simu.