Haya Iliyomnyamazisha Baba



Ndugu zangu wasomaji, leo naomba ruhusa niseme jambo ambalo nyumbani kwetu hapa Gisenyi hatukulisema mpaka likatuchukulia mzazi. Nitataja choo na nitataja damu. Mniwie radhi, lakini someni mpaka mwisho, tena someni pamoja na wazee wenu.

Marehemu Baba (Allah amrehemu) alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Adhana ya Alfajiri ilimkuta ameshatawadha. Ramadhani yake ya mwisho akaanza kutoka katikati ya Tarawehe. Anatoka, anatawadha upya, anarudi kusimama nyuma kabisa karibu na mlango. Tukamtania kwamba uzee umeanza. Alikuwa na miaka 58. Alicheka tu.

Ukweli tuliujua baadaye. Tumbo lilikuwa likimsumbua miezi mingi: mara choo kigumu, mara aharishe, na mwili unapungua. Damu aliiona mara mbili tatu, akajiambia ni bawasiri, akanunua dawa za miti shamba sokoni. Mama hakuambiwa, sisi watoto ndiyo kabisa. Na choo chetu wakati ule kilikuwa cha shimo, kina giza. Mtu anajisafisha kwa maji anatoka. Damu kidogo nani ataiona?

Si kwamba hakutafuta tiba. Alikwenda kituo cha afya mara tatu, kadi ya mutuelle mkononi. Alisema tumbo linauma, basi. Akapewa dawa ya amiba, dawa ya minyoo, dawa ya vidonda vya tumbo. Hakuna aliyemuuliza choo chake kikoje, naye asingeweza kuanza kumweleza nesi aliye rika la binti yake. Wa kusema aliona haya, wa kuuliza hakuuliza. Alipofika hospitali kubwa akaingiziwa kamera, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwenye ini. Baada ya miezi minne tulimzika.

Daktari alinieleza jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, na huchukua miaka mingi, pengine 10, kugeuka saratani. Kikionekana mapema hukatwa, na ugonjwa ukazuiwa kabla haujaanza. Maana yake Baba alikuwa na miaka ya kuokolewa, ikapita kimya.

Tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu au wa wazee peke yao. Mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa nao, na takriban 900,000 walifariki. Mchezaji filamu Chadwick Boseman alifariki kwa ugonjwa huu mwaka 2020 akiwa na miaka 43. Marekani mwaka 2021 iliteremsha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45, na jirani zetu wa Kenya waliandika umri huo huo wa 45 katika mwongozo wao wa mwaka 2018.

Kipimo cha mwanzo ni chepesi. Unapewa kichupa, unachukua choo kidogo nyumbani kwako, faraghani, unakirudisha. Maabara inatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hurudiwa kila mwaka. Ikionekana damu si lazima iwe saratani, lakini kamera ni lazima. Na mwenye dalili kama za Baba asingoje kichupa, aende kwa daktari moja kwa moja.

Nchi zilizofanikiwa kupima watu wengi, kama Uingereza na Uholanzi, hazikungoja watu waje kuomba. Kichupa hupelekwa nyumbani kwa posta, na asiyekirudisha hukumbushwa. Sisi hatuna posta ya nyumba kwa nyumba, lakini kila kijiji cha Rwanda kina washauri wa afya waliochaguliwa na majirani zao, na mlango wa kila nyumba wanaujua. Mwaka 2011 nchi yetu ilikuwa ya kwanza Afrika kuwachanja wasichana nchi nzima dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya asilimia 90 walifikiwa. Hilo nalo ni jambo la sehemu za siri. Liliwezekana kwa sababu watu walifuatwa walipo.

Kwenye kituo chetu cha afya mtu mzima hupimwa presha na sukari bila kuomba. Ombi langu ni kwamba aliyefika miaka 45 aulizwe na swali moja zaidi: choo chako kikoje, na je, kuna mtu wa damu yako aliyeugua saratani ya utumbo?

Mimi nina miaka 44. Ambaye mzazi wake ameugua hushauriwa kuanza mapema, akifika 40. Nilichelewa, lakini nilikwenda nikasema mwenyewe, nikapewa barua ya kwenda Kigali. Walikuta vinyama viwili, wakavitoa. Alhamdulillah.

Haya ni sehemu ya imani, hatulikatai hilo. Lakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Waliuliza mambo ya tahara mbele ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Sisi ni nani hata tushindwe kumweleza nesi?

Basi usiku wa leo, baada ya Isha, muulize mzee wako. Kama huwezi kumuuliza baba, mtume ami au rafiki yake wa msikitini. Na ukimwona anatoka safuni kila siku, usimtanie. Mfuate.

Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awape shifaa walio wagonjwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.