Kuendesha Baiskeli Pasipo Kwenda

Kilima chetu cha Rebero, kusini ya mji wa Kigali, kina barabara yenye mteremko mkali. Tarehe 21 mpaka 28 Septemba 2025, waendeshaji baiskeli wa mataifa mengi walikuja Kigali kushindania ubingwa wa dunia wa barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanywa Afrika. Siku ya mwisho Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za kilomita 267.5, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Basi kila kijana hapa alitamani baiskeli.

Mimi nilikuwa na haja nyingine. Nauli yangu ya pikipiki kwenda shule ilikuwa ikila fedha za madaftari ya mdogo wangu. Lakini kaka yetu aliwahi kuanguka katika mteremko ule akavunjika mkono, na mama akakataza: "Hutaingia barabarani mpaka nione kwa macho yangu kuwa gurudumu lako haliyumbi."

Mjomba, aliyekuwa akishindana zamani, akaniazima rola. Ni mapipa membamba matatu katika fremu ya chuma. Gurudumu la nyuma hukaa juu ya mawili, la mbele juu ya moja, na ukanda huyaunganisha ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Hakuna kinachoishika baiskeli. Ukiyumba kidogo tu, umetoka nje. Tuliiweka ukumbini kando ya ukuta.

Tumezoea kuambiwa kuwa haraka haraka haina baraka. Juu ya rola mambo ni kinyume. "Mjomba," aliniambia, "usitazame gurudumu, tazama mlango ule. Tena kanyaga! Polepole ndiyo inayoangusha." Kweli, magurudumu yakienda kasi, usukani huhitaji kuguswa kidogo tu. Mabega yakilegea, baiskeli hutulia.

Wiki ya tatu mama aliketi ukumbini akichagua maharage, nami nikakanyaga dakika 20 bila kugusa ukuta. Alipomaliza akasema, "Jumatatu chukua baiskeli. Lakini mteremkoni ushuke uikokote."

Nilimtii, kwa maana rola haifundishi breki wala kupishana na magari. Mdogo wangu sasa ana madaftari. Nanyi wenzangu, jifunzeni kwanza kutulia pasipo hatari, barabara haitakimbia.