Miaka Yangu na Programu ya Kuchapa Nota

Riziki yangu imetoka kwenye nyimbo za kwaya, ingawa sikuwahi kuwa mwimbaji wa kutajwa. Nilianza kwenye duka la stesheneri mjini Mwanza. Mwalimu wa kwaya alikuja na daftari lake la solfa, sisi tukamchapia maneno kwa kompyuta na kumwachia nafasi juu ya kila mstari, naye akakaa pembeni kujaza d, r, m kwa kalamu. Kisha tukatoa kopi. Kopi hiyo ilitolewa kopi nyingine, na ile nyingine ikasafiri hadi parokia ya jirani, ikatolewa tena. Vialama vidogo vinavyoonyesha kwamba doh ni ya juu au ya chini vilikuwa vya kwanza kufutika. Kwaya ya tatu kuupokea wimbo iliimba kitu ambacho mtunzi hakukiandika.

Jambo hilo liliniuma kwa sababu solfa, mfumo wa kuandika nota kwa herufi, ni hazina yetu. Mwingereza Sarah Glover wa Norwich aliiasisi, John Curwen akaiboresha na kuieneza kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakaifikisha Afrika kwa kuwa mtambo wowote wenye herufi za kawaida uliweza kuichapa. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake tunaiimbia Mungu Ibariki Afrika, aliandika tungo zake kwa solfa. Walimu wetu wengi hadi leo husikia kwa solfa kwanza, nota za mistari mitano baadaye.

Programu za kulipia za kuchapa nota zilikuwepo, na bei yake haikuwa ya mwalimu wa parokia. Nakala za wizi zilizunguka kwenye flashi pamoja na virusi vyake. Mimi nilitafuta programu ambayo ningeweza kumpa mtu kwa haki, aitumie, ampe mwenzake, na asiwe na deni kwa yeyote. Ndipo nikaikuta LilyPond, katika toleo la 2.12 lililotoka Desemba 2008.

LilyPond ilianzishwa Uholanzi mwaka 1996 na Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, wanamuziki wawili waliochoshwa na sura ya nota zilizochapwa kwa kompyuta. Ni programu huria chini ya mradi wa GNU. Haikupi karatasi ya kubofya nota kwa kipanya. Unaandika muziki kwa herufi kwenye faili la maandishi matupu, programu inasoma, inapima nafasi, inakutolea PDF. Katika nyaraka zake kuna insha ndefu inayolinganisha ukurasa wa muziki wa selo wa Bach wa mwaka 1950, uliochongwa kwa mkono kwa ajili ya Bärenreiter, na ukurasa wa muziki uleule uliopangwa na kompyuta mwaka 2000. Wa pili hauna kosa hata moja la nota, lakini unachosha macho: kila pau ina upana uleule, mistari imejipanga kama askari, na mpigaji akiinua macho hajui arudi wapi. Nilipomaliza kuisoma insha hiyo nilijua nimepata kazi ya maisha. Mwimbaji wa kijijini anayesoma kwa mwanga wa taa ya sola anahitaji ukurasa uliopangwa vizuri kuliko mpiga selo wa Berlin.

Lakini programu ya bure haimfikii mtu kwa kuwa tu ni ya bure. Miaka mingi ya kazi yangu imeishia hapo, katikati ya faili lililopakuliwa na wimbo wa kwanza uliochapwa. Walimu niliowafikia walikuwa na kompyuta kuukuu za ofisi, Windows ya zamani, na bando la kuhesabu. Nilisafiri na programu kwenye flashi. Nilisakinisha, tukachapa wimbo pamoja, nikaondoka; baada ya muda simu ikalia. Mzee mmoja wa Ukerewe, mwalimu wa kwaya tangu ujana wake, aliniambia: "Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, lakini ukiondoka na ujuzi unaondoka nao. Niandikie." Nikaanza kuandika.

Nyaraka rasmi za LilyPond ni nyingi na ni bora. Kuna mwongozo wa kujifunzia, rejea ya nota, mwongozo wa matumizi, faharasa ya istilahi, na mkusanyo wa mifano ya kunakili. Zimetafsiriwa, nzima au kwa sehemu, kwa Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kiitaliano, Kikatalani, Kijapani na lugha nyinginezo. Ila zimeandikwa kwa mtu anayejua kutofautisha faili na folda, na aliyefundishwa muziki kwa mistari mitano. Msomaji wangu alikuwa mwingine kabisa. Nilijiwekea kanuni: siandiki ukurasa wowote bila mwalimu kukaa mbele ya kompyuta akaufuata peke yake, mimi nimekaa nyuma yake na mdomo nimeufunga. Pale alipokwama, sentensi ndiyo iliyokuwa mbovu, nami niliiandika upya.

Yaliyowakwamisha hayakuwa yale ambayo wataalamu hudhani. Windows huficha kiambishi cha jina la faili, kwa hiyo mtu anahifadhi wimbo kwa Notepad akidhani ni wimbo.ly, kumbe ni wimbo.ly.txt. Mtu ananakili nota kutoka Word, na Word imeshaukunja ule mkato wa juu unaoinua oktava. Programu inakataa, na kwa macho mkato ni uleule. Mara ya kwanza kuendeshwa, LilyPond hukagua fonti zote za kompyuta, na kwenye mashine dhaifu hilo huchukua muda hadi mtu akadhani imekufa akaifunga. Kwa hiyo ukurasa wa mwanzo wa mwongozo wangu ulikuwa na sentensi moja kwa herufi kubwa: USIFUNGE, INAFANYA KAZI. Sijaandika sentensi yenye manufaa zaidi ya hiyo.

Toleo la 2.24 lilipotoka Desemba 2022, usakinishaji kwenye Windows ulibadilika. Hapakuwa na kisakinishi cha kubofya "endelea" tena. Unapewa faili la zip, unalifungua, kisha unaielekeza Frescobaldi, programu ya kuandikia faili za LilyPond, mahali ulipoliweka. Tena toleo hilo la Windows ni la biti 64 tu, kwa hiyo wenye mashine za biti 32 walibaki na 2.22. Niliandika sura mbili badala ya moja, na kabla ya sura zote mbili nikaweka maelezo ya jinsi ya kujua kompyuta yako ni ipi. Frescobaldi yenyewe, kazi ya Mholanzi Wilbert Berendsen, ni rafiki mkubwa wa mwanafunzi: upande mmoja unaandika, upande wa pili unaona ukurasa, ukibofya nota kwenye ukurasa kielekezi kinaruka hadi ilipoandikwa.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni solfa. LilyPond inakuruhusu kuandika nota kwa majina ya Kiitaliano, do, re, mi, fa, sol, la, si, na walimu walifurahi sana kuona hivyo. Hapo ndipo penye mtego. Do ya Kiitaliano imekaa mahali pamoja, ni C daima. Doh ya solfa inahama na wimbo. Mwalimu akiwa na wimbo ambao kichwani umeandikwa kwamba doh ni Bb, akaandika do, programu itampa C, na wimbo wote utapanda. Dawa ni kuuandika wote kana kwamba doh ni C, kisha kuuamuru uhame kwa mstari mmoja: \transpose do sib, (mkato wa chini mwishoni ni sehemu ya amri; bila huo wimbo utapanda badala ya kushuka). Nilipowaonyesha hilo, wazee waliokuwa kimya darasani walianza kuzungumza, maana kuhamisha doh ndilo jambo wanalolijua kuliko sisi sote.

Kuchapa solfa yenyewe kulihitaji njia nyingine. Tuliandika d, m, s kama ubeti mmojawapo wa mashairi, kila kipande ndani ya alama za kunukuu pamoja na nukta pacha na vistari vyake, tukakifunga kwenye sauti isiyochapwa, ile ambayo programu inaiita NullVoice. Sauti hiyo inashika mapigo tu. Matokeo yake ni kwamba sauti ya kwanza, ya pili, tenori na besi hupangwa pigo kwa pigo, zikatazamana wima bila mtu kubonyeza nafasi kwa kukisia. Mtu aliyewahi kupanga solfa ya sauti nne kwa Word anajua uzito wa jambo hilo.

Na maneno? LilyPond inataka silabi zitenganishwe kwa vistari viwili, na mifano ya Kizungu haimsaidii Mswahili. Silabi zetu huishia kwenye irabu: wi-mbo, si wim-bo, Mu-ngu, si Mun-gu. Vitabu vingi vya nyimbo vimekata vibaya kwa mazoea ya lugha nyingine, na kwaya zikajifunza kufunga konsonanti mapema. M ya m-to-to na n ya n-chi hudai nota yao wenyewe. Mbuzi ana nota mbili. Mbunge ana tatu. Sura ya silabi ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizoandika, kwa kuwa hakuna mtu wa nje ambaye angetuandikia.

Vijana wengi sasa wanapenda MuseScore, programu huria nyingine, iliyotokana mwaka 2002 na kazi ya Mjerumani Werner Schweer. Unabofya, unasikia, unaendelea. Siwazuii, na ninawafundisha pia. Kwa kutunga ni nyepesi. Kwa kitabu cha nyimbo mia tatu chenye solfa, sura moja na silabi sahihi, bado ninachagua LilyPond.

Agosti 2024 ilitangazwa kwamba Finale, programu ya kulipia ya kuchapa nota iliyokuwa sokoni kwa takriban miaka 35, haitaendelezwa tena. Watunzi wengi duniani waliweka kazi zao zote humo. Nilizungusha ushauri kwa kila ninayemfahamu: fungua nyimbo zako ungali unaweza, zitoe kwa MusicXML, uzihifadhi mahali pengine, LilyPond ina zana ya kuusoma muundo huo. Nyimbo nilizochapa na wazee kwa toleo la 2.12 ziko kwenye faili za maandishi ambazo kompyuta yoyote inazifungua, na kila faili inataja juu kabisa toleo lililoiandika. Zana ya convert-ly huisoma namba hiyo na kurekebisha mengi ya yaliyobadilika. Yanayobaki hurekebishwa kwa mkono. Baadhi ya waliotunga nyimbo hizo wamefariki, na madaftari yao sijui yaliko.

Mwongozo wangu unapita mkono kwa mkono, na haujakamilika: hauna sura ya ngoma, wala ya ala za taarabu ambazo maqamu zake, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, hazikai ndani ya vitufe vya kinanda. Nyaraka rasmi za LilyPond zimetolewa kwa leseni inayoruhusu kutafsiri na kusambaza bila kuomba ruhusa. Wewe unayejua muziki na Kiswahili, chukua sura ya kwanza ya mwongozo wa kujifunzia, itafsiri, mkalishe mwalimu wa kwaya ya mtaani kwako mbele yake, umwache aisome peke yake. Atakapokwama, andika upya hapo.